Breki ya Kushoto ya Baba Mdogo Salumu

Kazi yangu ya mwisho gereji ilianza siku ya Alhamisi, saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi. Saa naijua kwa sababu nilikuwa nimetoka kuitazama ile ya ukutani, nikisubiri chai. Pikapu ya Baba Mdogo Salumu ikaingia uani ikinuka kama pasi iliyosahauliwa juu ya nguo.

Nitaifikia hiyo pikapu. Kwanza niwaeleze nilivyofika pale, maana nyinyi wawili mnaonifuata kazini mmeniuliza mara nyingi, nami kila mara nimejibu "mtazoea" nikaondoka. Kuongea kunanishinda. Kuandika afadhali. Wiki ijayo naenda kidato cha tano, kwa hiyo nastaafu. Neno hilo si langu, ni la Fundi Gaspari, alilisema mbele ya wateja: Tatu anastaafu kwa heshima, hajavunja kitu kikubwa. Mambo ya posho, na nani alikuwa juu ya nani, siyaandiki. Hayatawasaidia mkiwa chini ya gari.

Nilipomaliza mtihani wa kidato cha nne nilijifungia ndani. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa naona tu kwamba nje kuna watu. Mama, ambaye anauza vitumbua karibu na gereji, akachoka kuniona nimekaa na daftari langu, akaenda kumwomba Fundi anipokee mpaka majibu yatoke. Fundi Gaspari ni mtu wa Songea. Alikuja Kibiti na kazi ya barabara ya lami, akaoa hapa, hakurudi tena. Siku yangu ya kwanza alinipa beseni la mafuta ya taa na bolti za kuosha, akaenda zake. Hatukusemeshana mpaka adhuhuri. Nadhani wote wawili tuliona tumepata mtu wa kufanya naye kazi.

Mchana ule ndipo aliponipa somo la kwanza. Aliniambia mikono yenye mafuta ya taa isiguse mpira wowote wa breki. Akafungua droo akanionyesha sili, ile pete ya mpira inayokaa kwenye silinda ya breki kuzuia mafuta yasivuje. Ilitoka kwenye gari la mtu wa Mloka ambaye fundi wake wa kule aliilainisha kwa mafuta ya nazi ili iingie vizuri. Iliingia vizuri sana. Baada ya muda ikavimba kama njugu iliyolowekwa, na gari likagoma kuachia breki katikati ya pori wakati tembo wako mashambani. Mpira wa breki unalainishwa kwa mafuta ya breki yenyewe, basi. Nywele zenu ndizo zipakwe ya nazi.

Vifaa mtavikuta. Jiliwa lililofungwa mezani lina taya moja iliyochakaa, weka kipande cha kitambaa. Kile kibao cha mninga kilichopondekapondeka msikitupe, nitasema kazi yake. Na zile nyaya zilizokatwa kwenye mwavuli wa zamani ni za kuning'inizia kalipa. Kalipa ndicho kile chuma kinachokumbatia diski na kuzibana pedi pale dereva anapokanyaga. Ukishaifungua usiiache ikaning'inia kwa mpira wake wa mafuta. Mpira unachanikia ndani, kwa nje huoni kitu.

Kilichonisumbua kuliko vyote ni kutoa upepo. Breki ikishafunguliwa lazima hewa yote itoke kwenye mabomba, na kazi hiyo ni ya watu wawili: mmoja kwenye pedali, mmoja chini ya tairi. Wa chini anasema kanyaga, wa juu anakanyaga na kujibu, ndipo wa chini afungue nipo, ile skrubu ndogo yenye tundu la kutolea hewa. Mimi nilikuwa nakanyaga na kujibu moyoni. Fundi akafungua wakati nimeshaachia, hewa ikaingia upya, ikabidi tuanze tena. Alitoka chini uso umejaa mafuta, akasema bila ukali, "Binti, aibu yako iache pale kwenye vitumbua. Hapa usiponijibu, gari halisimami." Tangu siku hiyo nikawa napiga kelele kwenye breki tu. Mama akinisikia kutoka kwenye jiko lake alikuwa anacheka peke yake.

Sasa ile Alhamisi.

Baba Mdogo Salumu ni mdogo wake marehemu baba yangu. Ndiye aliyetulea kwa kiasi chake, na pikapu ile ndiyo riziki yake: anabeba kamba na samaki kutoka Nyamisati, akirudi anabeba watu. Alishuka, nikamwamkia, akasema tairi la mbele kushoto linanuka, tuliangalie upesi maana Jumamosi asubuhi ana kazi ya watu. Kazi yenyewe niliijua. Zuhura wa jirani yetu alikuwa anapelekwa kwa mumewe Mahege, na nyuma ya pikapu ile wangepanda akina mama wa mtaa mzima na ngoma zao, Mama akiwa mmoja wao.

Njia ya Mahege mnaijua. Kabla ya kijiji kuna mteremko unaoingia bondeni, na kule chini kuna kalavati jembamba lisilo na ukingo, na maji ya masika yalikuwa bado hayajakauka kila upande. Dereva anashika breki pale juu, na anaishika kweli. Gari likivuta pembeni huna pa kulirekebishia.

Nikalegeza nati za tairi kabla ya kupiga jeki, nikaweka gogo chini ya chesesi, nikatoa tairi. Diski ilikuwa imeungua mpaka imeingia rangi ya bluu. Pedi ya ndani imeisha, chuma kinakula chuma. Pistoni ya kalipa, ile inayosukuma pedi, ilikuwa imeganda palepale, hairudi nyuma hata kwa kibano. Nilipofungua mpira wa mafuta yakatoka matone machache, meusi kama kahawa. Fundi aliyatazama yale matone kidogo zaidi ya kawaida yake, lakini mteja mwingine akamwita.

Kibao cha mninga kazi yake ndiyo hii. Pistoni iliyoganda inatolewa kwa upepo wa kompresa kupitia tundu la mafuta, na inapotoka hutoka kama risasi. Kibao kinakaa mbele yake, vidole vinakaa mbali. Ilipolia, mama mmoja barabarani alikaa chini na beseni lake. Pistoni tuliikuta imeliwa na kutu, vishimo vishimo, ilikuwa imekwama ikiisukuma pedi kwenye diski. Ni maji ya chumvi. Kule Nyamisati bamvua likijaa magari yanasimama ndani ya maji yakisubiri mzigo, na matope yake yanakaukia kwenye breki.

Pistoni mpya na sili zilikuja na basi la jioni kutoka Dar. Ijumaa asubuhi Fundi aliniachia kazi yote, akakaa pembeni. Nikasafisha silinda kwa spiriti na msasa laini. Sili nikaipaka mafuta ya breki, nikaiingiza kwenye mfereji wake kwa kidole, si kwa bisibisi. Pistoni nikaisukuma kwa vidole gumba viwili, taratibu, bila kuilazimisha. Ikienda upande, toa uanze tena. Zile pini ambazo kalipa inatelezea nikazisugua zikang'aa, nikazitia grisi yake. Diski tuliipima, unene wake bado ulifaa. Pedi tukaweka mpya kushoto na kulia, maana huwezi kuvalisha mguu mmoja.

Halafu tukaanza kutoa upepo, na hakuna kilichotoka.

Nilikanyaga, nikajibu kwa sauti, Fundi akafungua nipo ya kushoto. Kavu. Tena. Kavu. Pedali ngumu chini ya mguu wangu kama jiwe. Fundi akauliza kama nimeigeuza sili. Nikasema hapana, lakini nilivyosema hata mimi sikujiamini. Nikateremka, nikapuliza mpira wa mafuta kwa mdomo, upepo ukapita. Basi tatizo liko juu yake. Nikalala chini ya gari, nikalifuata bomba la chuma kwa vidole katikati ya matope yaliyokauka, mpaka nikafika mahali bomba lilipojirudia lenyewe. Lilikuwa limekunjwa na kupondwa likawa bapa kabisa.

Fundi alipapasa, akatoka, akamwita Baba Mdogo aliyekuwa anakunywa kahawa ng'ambo. Baba Mdogo wala hakushtuka. Akaeleza kwamba hiyo kaikunja mwenyewe, masika ya mwaka jana, njia ya Nyamisati. Kalipa ilikuwa inavuja, mafuta ya breki yanaisha, ana kamba kwenye barafu. Akachukua koleo na jiwe, akaliziba tairi hilo, mengine yakabaki na breki, akafika salama.

"Si inasimama?" akasema. "Mbona kila mtu anakunja."

Na ni kweli. Huku kwetu dereva anafundishwa kukunja bomba kabla hajafundishwa kubadilisha plagi, na hata halitaji akija gereji, kama mtu asivyotaja kwamba amefunga mkanda.

Fundi akamjibu, "Kukunja ili ufike nyumbani, sawa. Salumu, wewe tangu mwaka jana hujafika nyumbani?"

Watu wa kahawa walicheka sana. Baba Mdogo akacheka pia, akasema Wangoni wamekuja kwa miguu ndiyo maana breki zinawatisha. Tukakata lile bomba, tukaweka jipya, tukatoa upepo gurudumu baada ya gurudumu. Safari hii mafuta yalitoka, kwanza na mapovu, kisha meupe safi. Nilidhani tumemaliza.

Baada ya swala ya Ijumaa Fundi akalijaribu gari mwenyewe, akaenda mpaka kwenye magunia ya mkaa kando ya barabara na kurudi. Akakanyaga breki, likasimama limenyooka kabisa. Akamkabidhi Baba Mdogo. Baba Mdogo akaenda, akakanyaga, na gari likaruka kushoto. Lilitoka nje ya lami, likasimama bampa imegusa gunia la kwanza. Mwenye mkaa alikuwa ameshakimbia.

Tukalirudisha, tukalipandisha tena. Tukafungua kushoto, tukafungua kulia. Hakuna kilichoganda, hakuna kilichovuja, pini zinateleza. Fundi akaenda nalo tena, akarudi limenyooka. Baba Mdogo akaenda nalo tena, likaenda kushoto tena. Fundi akawa analizunguka gari akigusa nati moja moja, na akifanya vile mjue anaogopa. Jua lilikuwa linashuka, na kule barabarani nilisikia akina mama wanajaribu ngoma za kesho.

Baba Mdogo akashuka akaufunga mlango kwa nguvu. Akasema gari lake lilikuwa zima, tumelichukua linanuka tu, sasa tumelitia wazimu. Halafu akasema neno ambalo mpaka leo sijalisahau: "Ikunjeni tena. Rudisheni kama ilivyokuwa."

Fundi akakataa. Baba Mdogo akasema si lazima yeye, pale stendi kuna vijana wataigonga kwa nyundo dakika moja tu. Nilijua anasema kweli. Nilijua pia kwamba akifanya hivyo, Mama na wenzake watashuka ule mteremko kwa breki moja ya mbele. Nikaomba, kwa sauti ambayo hata sijui kama ilisikika, ajaribu mara moja zaidi nami nikae pembeni yake. Akaniangalia, akasema panda.

Sikuangalia barabara. Niliangalia mikono. Akaongeza mwendo, na kabla hata mguu haujaifikia pedali, mkono wake wa kushoto ukauvuta usukani chini. Ndipo akakanyaga. Gari likaenda kushoto kwa sababu yeye ndiye aliyelipeleka kushoto. Mwaka mzima breki ilikuwa ya kulia peke yake, kila akikanyaga gari linamvutia katikati ya barabara, naye kila siku analirudisha. Mikono yake ilikuwa bado inairekebisha breki mbovu ambayo haipo tena.

Tuliporudi Fundi alikuwa amesimama katikati ya ua. Nilikaa pale kwenye kiti, sishuki. Mnajua nilivyo. Kumwambia mtu mzima aliyekusomesha kwamba kosa ni lake, tena mbele ya watu wa kahawa. Nikatazama magoti yangu nikasema, "Baba, gari halina kitu. Ni mikono yako."

Akauliza nimesema nini. Nikarudia, nikaeleza kuhusu mkono na mguu, nikaeleza mpaka mwisho. Fundi alishika kichwa, akasema pole pole kwamba anaona, kweli anaona, na kwamba yeye hajaliendesha gari lile mwaka mzima ndiyo maana kwake linanyooka. Baba Mdogo hakumsikiliza. Alikuwa ananitazama mimi. Akasema alikuwa anaendesha kabla sijazaliwa, na kwamba mikono hiyo ndiyo iliyonibeba. Akawasha gari akaondoka, nasi hatukujua kama anaelekea nyumbani au stendi.

Jioni nilimkuta Mama anakunja kanga yake ya kesho. Nikamweleza yote. Nilitaka aseme basi hatuendi, au aseme shemeji anajua anachofanya, chochote ambacho kingenitoa mimi hapo katikati. Hakusema hayo. Aliiweka kanga akaniuliza, "Sasa sisi tupande au tusipande?" Nikamwambia amuulize Fundi. Akasema Fundi hayupo hapa, na wenzake watamuuliza yeye. "Ukisema tupande, tunapanda. Ukisema tusipande, nitawaambia mimi." Nikamjibu nitamwambia asubuhi.

Asubuhi, baada ya alfajiri, nikatoka kwenda kwa Baba Mdogo kulikagua bomba. Sikufika. Nilipopita kiwanja cha mpira nikasikia injini yake. Alikuwa peke yake kiwanjani, taa zimewaka, anaongeza mwendo kutoka goli moja, anakanyaga katikati. Nikasimama pembeni nikatazama michirizi ya matairi kwenye mchanga uliolowa umande. Ilikuwa mingi. Ile ya mwanzo ilipinda kushoto kama mundu. Iliyofuata ilipinda kidogo.

Aliponiona akasimama, akafungua mlango wa upande wangu bila kuniangalia. Kabla ya kupanda nililala chini mchangani nikapapasa bomba. Lilikuwa zima. Nikapanda. Alianza tena, na kila akikanyaga mkono wake wa kushoto ulishtuka, nami nasema "umevuta", naye anarudi golini. Mara moja alipiga usukani kwa kiganja. Mara nyingine alisema, kama anajisemea, kwamba alikuwa hajui kumbe alikuwa amechoka mabega. Kulikucha kabisa tukiwa tunafanya hivyo. Mwishoni alikanyaga mara kadhaa mfululizo, na mimi sikuwa na la kusema. Nikashuka nikaenda kuitazama michirizi kwa ukaribu, nikaifuata kwa miguu yangu mpaka mwisho wake. Ilikuwa imenyooka.

Nilimwambia Mama wapande.

Sikuweza kukaa mbele. Mbele alikaa Zuhura na kungwi wake. Mimi nilipanda nyuma na akina mama, nikachagua kona ya kushoto, nikashika bomba la pembeni. Waliimba tangu tunatoka mtaani, waliimba njia nzima, na mwenye ngoma alikuwa ameegemea goti langu. Tulipofika juu ya mteremko mimi nikaacha kuitikia. Nikaliona kalavati kule chini, na maji yakimetameta kila upande. Gari likashika kasi. Nikahesabu moyoni, nikasikia Baba Mdogo ameachia mafuta, kisha breki ikashika.

Tukainama mbele, sote kwa pamoja, kama watu waliorukuu. Hakuna aliyeangukia ubavuni, gari likaingia kwenye kalavati limenyooka. Mwenye ngoma akasema huyu dereva leo ana nini, akaendelea kupiga.